Vijipaa vya Azania Front

Mgeni atokaye Matiri, Mbinga, afikapo Dar es Salaam huinua macho kuutazama mnara wa Kanisa la Azania Front, ambalo wamisionari Wajerumani walilijenga kati ya 1898 na 1902. Sisi twamwomba ashushe macho kidogo. Juu ya madirisha mna vijipaa vya vigae, ambavyo wengi huvidhani pambo tu. Kumbe vyatia kivuli dirishani. Kwetu Matengo, upenu wa nyumba ya nyasi ulifanya kazi iyo hiyo, tena ukaukinga ukuta wa udongo na mvua. Umbo la mnara, tunakiri, ni la Kijerumani; lakini jua la pwani nalo lilisikilizwa. Basi siku ya ukarabati, vijipaa hivyo visihesabiwe miongoni mwa mapambo yanayoweza kupunguzwa.