Paker na Pakiteng': Jinsi Watu wa Kaputiei Walivyokumbukana

Tuala, mji mdogo ulio kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kati ya Ongata Rongai na Kitengela, umekulia katika nyanda za Ilkaputiei, mojawapo ya sehemu za jamii ya Wamaasai ziitwazo kwa Kimaa iloshon, yaani makundi ambayo kila moja lina eneo na wazee wake. Kabla nyanda hizo hazijakatwa viwanja, mfugaji aliyefuata mvua na malisho alikutana na watu ambao huenda asingewaona tena kwa misimu kadhaa, lakini kiangazi kilipokaza, uhai wa mifugo yake uliweza kutegemea awakumbuke watu hao, nao wamkumbuke.

Jina la kuzaliwa lilisaidia kidogo tu katika jambo hili, kwa kuwa enkanyit, yaani heshima inayompasa kila mtu kulingana na umri na undugu, ilikataza kulitamka ovyo. Aliyejaliwa watoto aliitwa kwa mwanawe, Menye fulani akiwa baba na Ng'oto fulani akiwa mama, na jina la marehemu liliepukwa. Wasiojuana walianza kwa kuulizana ukoo na rika: koo kubwa, zikiwemo Ilmolelian, Ilmakesen, Iltaarrosero, Ilaiser na Ilukumai, zimegawanyika katika pande mbili, Odomong'i na Orok-kiteng', ilhali rika, olaji, ni kundi la wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupanda ngazi za maisha pamoja. Mwenyeji akishayajua mawili hayo, alijua amchukulie mgeni kama mwana, ndugu au baba, na ndipo habari za malisho, maradhi na misiba zilipofuata, bila haraka.

Utaratibu wa busara zaidi, hata hivyo, ulikuwa wa wale waliopeana mifugo. Mtu alipompa mwenzake kondoo, enker, wote wawili waliitana paker tangu siku hiyo. Alipompa mbuzi, enkine, waliitana pakine. Na alipotoa dume la ng'ombe, olkiteng', wakawa pakiteng'. Mtoaji na mpokeaji walitumia neno lile lile, kiasi kwamba kila walipoamkiana walikuwa wakitaja tena kile kilichowakutanisha, na watoto waliosikia maamkizi hayo walijua, bila kufundishwa, kwamba kati ya maboma yale mawili kuna mnyama aliyetolewa. Ushahidi wenyewe ulizaana zizini, kwa kuwa mfugaji hufuata kizazi cha mifugo yake kupitia kwa majike na hukumbuka jike wa kwanza alitoka kwa nani. Urafiki uliokomaa uliitwa osotua, uhusiano ambao mwenye shida huomba na mwenzake hutoa kwa kadiri ya uwezo, pasipo kuhesabiana deni.

Serikali ya kikoloni ilitaka jina la namna nyingine. Kipande, kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilidai jina moja lisilobadilika, liwe machoni pa rafiki au pa karani, na mtu akawa na jina la kuandikwa na jina la kuitwa. Ardhi nayo iliingia daftarini: sheria ya mwaka 1968 iliunda ranchi za pamoja zenye wanachama waliosajiliwa, na ile ya Kitengela ikagawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi katika miaka ya 1980, kisha viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje vilivyofunguliwa Athi River katika mwongo uliofuata vikaleta wapangaji kutoka kila pembe ya Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji wa Kitengela. Kusema kwamba watu hawa ni wasahaulifu kuliko wafugaji wa zamani ni kuwaonea. Wamekosa maamkizi marefu, wala hawana zizi la kuwakumbusha.

Hata hivyo, simu zao zimejaa majina yanayofanana na yale ya kale kuliko yale ya kipande: Fundi Mabati Tuala, Mama Maziwa Olekasasi, Caretaker wa Zamani, kila moja likieleza kazi, mahali au shughuli iliyowakutanisha wawili. Jina la kitambulisho mara nyingi hujulikana baadaye, siku malipo yanapotumwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, na ujumbe wa kuthibitisha kumtaja Mama Maziwa kwa majina ambayo mteja wake wa miaka mingi hajapata kuyasikia.