Habari za Utando wa Seli

Ukichukua bitiruti, ukaikata vipande, ukaviosha vizuri na kuviweka katika maji baridi, maji yatakaa muda mrefu bila kugeuka rangi sana. Vipande vivyo hivyo ukivichemsha, maji huwa mekundu upesi. Rangi ni ile ile na maji ni yale yale. Tofauti ni kwamba moto umemwua mlinzi aliyekuwa akiizuia rangi isitoke. Mlinzi huyo ni utando wa seli. Hapana mtu aliyeuona utando huo waziwazi mpaka katikati ya karne ya 20, na hata hivyo sifa zake nyingi zilikuwa zimekwisha kujulikana kabla ya hapo. Namna zilivyojulikana ndiyo habari ya insha hii.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha kizibo kwa hadubini, akaona vyumba vidogo vidogo, akavipa jina ambalo ndilo asili ya neno letu seli. Lakini alichokiona kilikuwa ni kuta ngumu za mmea uliokwisha kufa. Utando wenyewe hukaa ndani ya kuta hizo, umeuzunguka ute wa seli, nao ni mwembamba kupita kiasi. Seli za wanyama hazina ukuta wowote. Kinga yao ni utando peke yake.

Katika miaka ya 1890 Charles Ernest Overton, Mwingereza aliyefanya kazi Zürich katika nchi ya Uswisi, alitaka kujua ni vitu gani vinavyoweza kuingia katika seli iliyo hai. Alizitia seli za mimea na za wanyama katika maji yaliyochanganywa na vitu mbalimbali, mamia ya vitu, kimoja baada ya kimoja. Kitu kisichoweza kupenya huyavuta maji ya ndani na seli hunywea, kama nyanya za kachumbari zinavyotoa maji zikinyunyiziwa chumvi. Bali kitu kipenyacho upesi hakiifanyi seli inywee. Mtu angedhani kwamba, kwa kuwa seli imejaa maji, vitu viyeyukavyo vizuri katika maji ndivyo vingepita kwa wepesi. Overton aliona kinyume chake. Vilivyopita upesi ni vile viyeyukavyo katika mafuta. Basi akasema kwamba seli lazima imefunikwa na kitu cha jamii ya mafuta.

Hapa yatubidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwa maana elimu ya mafuta juu ya maji ilianza mahali pengine kabisa, wala haikuanzwa na watu waliofikiri habari za seli. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa akikaa London, alimimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai juu ya bwawa la Clapham siku ya upepo. Mawimbi yakatulia, na mafuta yakatandaa mpaka yakafunika kadiri ya nusu eka. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1774. Franklin hakuifanya hesabu iliyobaki, lakini mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Kijiko cha chai ni mililita 5, na nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Ukigawanya utapata kwamba unene wa mafuta yale ulikuwa karibu sehemu moja ya laki nne ya milimita, nao ni urefu wa molekuli moja tu ya mafuta. Kwa kijiko na bwawa ilikuwa imepimwa molekuli, na aliyeipima hakujua.

Aliyeiendeleza kazi hiyo kwa uangalifu ni mtu ambaye, kwa maoni yangu, hatajwi kwa kadiri anayostahili. Agnes Pockels alikuwa binti wa nyumbani katika mji wa Braunschweig, Ujerumani. Katika ujana wake vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake. Alikaa akiwauguza wazazi wake, na maabara yake ilikuwa jikoni. Alitengeneza chombo cha bati kipana kisicho na kina, akakijaza maji mpaka ukingoni, akalaza juu ya maji ukanda wa bati ili ausogeze na kuupunguza au kuuongeza uso wa maji apendavyo. Kisha alipima kwa mizani nguvu itakiwayo kukinyanyua kifungo kidogo kilichogusa maji. Kwa njia hiyo aliweza kujua hasa ni wakati gani tabaka la mafuta limeshikana pasipo nafasi. Mnamo Januari 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh, mwanachuoni mkubwa wa Uingereza. Lord Rayleigh, badala ya kuipuuza au kujitwalia sifa, aliipeleka kwa gazeti la elimu liitwalo Nature, nalo likaichapisha Machi mwaka ule ule. Irving Langmuir wa Marekani alikitengeneza chombo hicho kwa ufundi zaidi, na mwaka 1917 akaeleza kwamba molekuli za mafuta husimama wima juu ya maji, kichwa kipendacho maji kimezama, na mkia uyakimbiao umeelekea hewani.

Sasa njia hizi mbili zikakutana. Mwaka 1925, katika mji wa Leiden, Uholanzi, Evert Gorter, aliyekuwa daktari wa watoto, na mwenziwe F. Grendel walitwaa damu ya watu, mbwa, kondoo, mbuzi na wanyama wengine wachache. Waliyatoa mafuta katika seli nyekundu, wakayatandaza katika chombo cha namna ya Langmuir, wakaupima upana wake. Walikuta ya kuwa mafuta ya seli moja hutosha kuifunika seli hiyo mara mbili. Maana yake utando una safu mbili za molekuli, zimepeana mikia. Vichwa vya safu moja vyatazama nje ya seli, na vichwa vya safu ya pili vyatazama ndani. Yafaa ikumbukwe kwamba walikosea mahali pawili: dawa waliyoitumia haikuyatoa mafuta yote, na upana wa seli wenyewe waliukadiria kuwa mdogo kuliko ulivyo. Makosa hayo yalifutana, na jawabu likawa sahihi. Bahati ya namna hiyo haifai kutegemewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilikuwa imepata nguvu ya kutosha. Mwaka 1959 J. David Robertson alionyesha picha za tando, mistari miwili myeusi na mweupe kati yake, vyote pamoja havifikii sehemu moja ya laki moja ya milimita. Watu wengi waliamini wakati huo kwamba mafuta yamelazwa katikati na protini zimepakwa juu na chini. Picha hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa imekaa kimya mno. Mwaka 1970 Larry Frye na Michael Edidin, katika mji wa Baltimore, waliiunganisha seli ya panya na seli ya mtu ikawa seli moja, protini za upande mmoja zikiwa zimetiwa alama ya rangi ya kijani na za upande wa pili nyekundu. Baada ya dakika 40 hivi, katika joto la mwili, rangi zilikuwa zimechanganyika pande zote. Basi utando ni kitu cha majimaji, na protini huelea ndani yake. Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson waliyaandika hayo kwa ukamilifu: bahari nyembamba ya mafuta, na ndani yake protini, nyingine zimetokeza upande mmoja na nyingine zimepenya pande zote mbili.

Protini zipenyazo pande zote mbili ndizo milango. Mafuta peke yake hupitisha hewa ya oksijeni na vitu viyeyukavyo ndani yake, lakini huizuia chumvi na sukari, na maji nayo hupita kwa shida. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark, akichunguza neva za miguu ya kaa, aligundua protini ambayo ni pampu. Tulijua baadaye kwamba kila mara hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, nayo hula nguvu ya mwili katika kazi hiyo usiku na mchana. Mlango wa maji ulichelewa zaidi. Mwaka 1992 Peter Agre na wenzake waliyafanya mayai ya chura wa Afrika ajulikanaye kama Xenopus yawe na protini waliyoishuku, wakayatia katika maji matupu. Mayai yale yalivimba yakapasuka, hali mayai ya kawaida yalikaa salama.

Nimeuacha mlango mmoja mpaka sasa, kwa sababu hesabu yake ni ya roho za watu. Kipindupindu ni ugonjwa wa zamani katika pwani yetu. Mwaka 1869 na 1870 uliua maelfu Unguja, na Dkt. James Christie, aliyekuwa tabibu huko, aliandika kitabu chake juu yake mwaka 1876. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba sumu ya kijidudu hicho haitoboi utumbo. Huifanya milango fulani ya seli za utumbo ikae wazi, chumvi ikatoka, na maji yakaifuata, hata mgonjwa apoteze lita 10 na zaidi kwa siku. Akinyweshwa maji matupu hayamfai kitu, kwa kuwa utumbo hauyapokei.

Mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, Robert Crane alieleza kwamba katika utando wa seli za utumbo mna mlango upokeao sukari na sodiamu pamoja. Kimoja hakiingii pasipo kingine, na vikiingia, maji huvifuata. Mlango huu sumu ya kipindupindu haiudhuru. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka walionyesha kwamba mgonjwa akinyweshwa maji yenye glukosi na chumvi kwa kipimo huweza kurudishiwa maji yake kwa kinywa. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India. Katika kambi ya Bangaon Dkt. Dilip Mahalanabis aliona maji ya kutiwa mishipani yakikaribia kwisha na wagonjwa wakilala sakafuni. Akaamuru sukari na chumvi vichanganywe katika mapipa ya maji, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Palipokuwa pakifa watu hata 30 katika mia, wakafa chini ya 4.

Pakiti itolewayo katika zahanati zetu kwa mtoto anayeharisha ni dawa iyo hiyo. Kwa kipimo kilichopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, lita moja ya maji hutiwa gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi nyingine mbili, ambazo mojawapo huongeza sodiamu. Sukari hiyo haikutiwa kwa ajili ya utamu wala kwa kumpa mtoto nguvu. Imepimwa ili idadi ya molekuli zake iwe sawa na idadi ya sodiamu yote iliyomo, kwa maana vitu hivyo viwili vitapita katika mlango mmoja.