Gari la Mtu Mwingine

Gari lililotumika ni hati ya kihistoria. Msomaji wangu asidhani kwamba mwalimu mstaafu ameishiwa na ya kuandika. Limeundwa na watu fulani kwa barabara fulani, likatunzwa au likateswa na mtu usiyemjua, likavuka bahari, na sasa limesimama yadi mbele yako likiwa limeoshwa na kupakwa nta. Anayetaka kulinunua ana kazi ile ile niliyowapa wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka thelathini: kuuliza habari hii imetoka kwa nani, na huyo aliyeitoa alikuwa na maslahi gani.

Nimelazimika kulifikiria jambo hili kwa sababu ninaishi Kibaha, na majirani zangu wengi hufanya kazi Dar es Salaam. Kila siku huenda na kurudi kwa Barabara ya Morogoro, na kila mwenye kupata mkopo huuliza swali moja: gari gani la otomatiki, la mtumba, litakalonifikisha kazini bila kuniaibisha njiani?

Otomatiki hatukuichagua sisi. Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkuu wetu wa chuo alikuwa na Peugeot 404 yenye gia kwenye usukani, na sisi tulioota kumiliki chombo tuliota baiskeli. Kisha bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979, na katikati yake tukapigana vita na Idi Amin. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka kwamba Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Petroli ilikuwa kitu cha kuhesabiwa kwa vikombe. Madereva wa enzi hizo walijifunza kuacha gari liteleze mteremkoni bila gia, na wengine walizima kabisa injini mpaka wafike bondeni. Walisifiwa kwa ustadi huo, na walistahili sifa. Naomba msomaji aikumbuke tabia hiyo, maana nitairudia.

Mlango ulifunguliwa kwa bajeti ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia madarakani Mzee Mwinyi, na neno ruksa likawa jina lake. Nguo za mitumba zilijaa masokoni, na magari ya mitumba yakafuata. Mengi yalitoka Japani, tena kwa sababu zisizotuhusu sisi hata kidogo. Kwanza, Waingereza walituachia desturi ya kuendesha kushoto, na Wajapani, ambao hawakutawaliwa na Mwingereza, nao huendesha kushoto; usukani wao upo kulia kama wetu. Pili, sheria ya Japani hutaka gari jipya la abiria lifanyiwe ukaguzi baada ya miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na kodi ya gari la petroli huongezeka likishapita miaka 13. Kwa hiyo Mjapani huona nafuu kuliuza gari ambalo kwetu sisi bado ni bichi.

Sasa, gari hilo lilikuwa na gia za namna gani? Hapa yabidi turudi nyuma. Mnamo mwaka 1905 mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, akifanya kazi kwenye kiwanda cha meli, alipata hataza ya kupitisha nguvu ya injini kwa njia ya kimiminika badala ya vyuma kushikana. Waweza kulielewa wazo lake kwa kuziweka feni mbili zikitazamana: ukiwasha moja, upepo wake utaizungusha ya pili ingawa hazigusani. Badala ya upepo weka oili, zifungie ndani ya chombo kimoja, nawe umepata kitu kinachokaa mahali pa klachi katika gari la otomatiki. Wamarekani ndio waliolifanya jambo la kila mtu. Oldsmobile walitoa otomatiki yao ya Hydra-Matic mwaka 1939, kwa magari ya mwaka 1940. Oili za giaboksi hizo za Kimarekani zilichanganywa na mafuta ya nyangumi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi yao ilipopiga marufuku bidhaa za mnyama huyo, na wakemia wakalazimika kutafuta kitu kingine kitakachofanya kazi yake. Nalitaja hili kwa makusudi: tangu mwanzo, uhai wa giaboksi ya otomatiki umekuwa ndani ya oili yake.

Toyota walianza kuweka otomatiki yao wenyewe mwaka 1959. Mwaka 1963 ilifunguliwa sehemu ya kwanza ya barabara ya kasi ya Meishin, ambayo ilipokamilika iliunganisha Nagoya na Kobe, na viwanda vya Japani vikalazimika kuunda magari yanayoweza kukimbia mwendo mmoja kwa saa nzima bila kuchemka. Na mwaka 1991 Japani ilianza kutoa leseni maalumu kwa wale wanaotaka kuendesha otomatiki tu, wasiojishughulisha na klachi. Tangu hapo gari la gia za mkono likawa kitu cha wachache huko kwao. Mnunuzi wa mtumba huvaa alichokipenda mvaaji wa kwanza. Ndivyo otomatiki ilivyotufikia.

Ilipofika, ilikutana na tabia tulizokwisha kuzijenga. Pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi hiyo huzungushwa na injini. Dereva wa zamani aliyezima injini mteremkoni ili aokoe petroli aliiacha giaboksi ikizunguka bila oili kusukumwa. Aliyeweka N akateleza, kisha akarudisha D magurudumu yakiwa katika kasi na injini imelala, alizipiga rungu klachi ndogo ndogo zilizomo ndani. Gari likizimika, vijana walilisukuma ili liwake, lisiwake. Halafu likafungwa kamba na kuvutwa kilomita nyingi magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kosa lile lile la kuzungusha vyuma bila oili. Na fundi, ambaye katika maisha yake yote alijua oili ya injini na oili nzito ya giaboksi, alimimina alichokuwa nacho. Baada ya hapo mtaa mzima ukasema otomatiki ni ugonjwa, ni gari la kina mama, halifai nchi hii. Nadhani hukumu hiyo ilitolewa kabla ya shahidi kusikilizwa.

Makosa hayo hayajaisha, ila yamehamia penginepo. Chukua Toyota IST, gari ambalo mtu akisimama Maili Moja kwa dakika tano atayaona mengi asiweze kuyahesabu. Toleo la kwanza, la kuanzia 2002 hadi 2007, lina giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia 4. Mengi ya toleo lililofuata yana giaboksi ya mkanda, ile inayoitwa CVT, isiyo na gia za kuhesabika: mkanda wa chuma hupanda na kushuka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Wazo hilo nalo lina ukoo wake. Mholanzi Hub van Doorne alilionyesha mwaka 1958 katika gari dogo la DAF 600, kwa mkanda wa mpira. Kwa barabara ndefu ni giaboksi nzuri, tulivu, isiyokula mafuta. Lakini oili yake si ile ya otomatiki ya kawaida, na anayezichanganya huua mkanda na puli pamoja. Jina la gari ni lile lile, yadi ni ile ile, na muuzaji husema tu kwamba ni otomatiki.

Barabara yenyewe pia imebadilika. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kilianza kupanuliwa mwaka 2018 kiwe na njia nane, na Februari 2021 likafunguliwa daraja la juu la Ubungo lililopewa jina la Balozi Kijazi. Mtu wa Kibaha akitoka alfajiri huenda mbio mpaka Kimara, halafu hukutana na foleni. Wengi huogopa ile mbio. Mimi husema waiogope foleni. Katika mwendo mmoja wa barabara kuu, otomatiki nyingi hufunga zile feni mbili zizunguke kama kitu kimoja, oili ikapumzika. Kwenye foleni ya simama-nenda zile feni huteleza, oili hupata moto, na moto ndio unaoimaliza. Kwa hiyo gari lenye kilomita nyingi za barabara kuu laweza kuwa na giaboksi nzima kuliko lenye kilomita chache za mjini.

Mwaka juzi mpwa wangu, muuguzi katika hospitali moja mjini, alikuja na swali hilo hilo. Zamu zake za usiku zilikuwa zikimweka kituoni saa ambazo mabasi yameadimika, na mara mbili alikuwa ameporwa. SACCOS yao ilimkubalia mkopo wa miaka 3, wadhamini wakiwa wauguzi wenzake wawili. Gari likifa, mishahara mitatu ingekatwa. "Mjomba," aliniambia, "sina nafasi ya kujaribu."

Alikuwa amechagua mawili. La kwanza lilikuwa jeupe, la CVT, namba E, mita ikisoma kilomita 68,000. La pili lilikuwa la toleo la kwanza, namba D, rangi imefifia kwenye boneti, mita ikisoma kilomita 163,000. Lilikuwa mali ya mwalimu na mkewe, wenyeji wa Mlandizi. Moyo wake ulikuwa kwa lile jeupe, kama ungekuwa moyo wa mtu yeyote. Namba E! Lakini herufi hiyo husema tu gari liliandikishwa lini hapa Tanzania. Haisemi liliundwa lini, sembuse liliishije. Serikali yetu hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka, Kenya hukataa kabisa yaliyozidi miaka 8, na mnunuzi akazoea kudhani kwamba umri ndio afya.

Nilimwomba aandike namba ya chesisi ya kila gari. Magari mengi ya Japani hupita mnadani kabla ya kusafirishwa, na huko mkaguzi asiye na nia ya kukuuzia wewe hulijazia karatasi: alama ya jumla, ambapo 4 na 4.5 ni nzuri na herufi R huashiria gari lililoumia likatengenezwa. Mchoro wa bodi wenye A palipokwaruzwa, U palipobonyea, W paliponyooshwa. Na kilomita za siku ile. Karatasi ya lile jeupe ilipatikana kwa ada ndogo. Ilisomeka kilomita 121,000, na alama R. Muuzaji, ambaye jina la yadi yake nitalihifadhi, alisema huenda mita ilibadilishwa safarini.

Yule mwalimu wa Mlandizi hakuwa na karatasi ya mnada. Alikuwa na daftari la shule, lenye jedwali la kichwa kimoja, ambamo aliandika kwa miaka saba kila oili aliyobadilisha, tarehe, kilomita na jina la fundi. Oili ya giaboksi ilikuwa imebadilishwa mara tatu. Shahidi huyu naye alikuwa na maslahi, alikuwa anauza, lakini mtu hatungi daftari la miaka saba kwa kalamu zilizobadilika rangi na risiti zilizofifia kwa viwango tofauti.

Hata hivyo tulilijaribu. Tulilikuta asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sharti letu, maana gari lililopashwa moto kabla mgeni hajafika huficha mengi. Mpwa wangu alilitoa P akaliweka D na kuhesabu. Lilishika kabla hajafika mbili, bila kuruka. Kijiti cha giaboksi kilitoka na oili nyekundu isiyonuka kuungua. Barabarani tulilipeleka mpaka mwendo wa barabara kuu, nami nikautazama mshale wa mizunguko ya injini kwenye mwinuko: ungepanda bila kasi kupanda, tungejua klachi za ndani zinateleza. Haukupanda. Kulikuwa na shokapu moja iliyochoka na kelele ya bushi mbele kushoto, na bei ikashuka kwa kiasi cha vitu hivyo.

Alilinunua. Juma lile lile alibadilisha oili zote mbili, akiwa amesimama hapo hapo gereji akisoma maandishi ya galoni kabla halijafunguliwa. Limeshavuka kilomita 200,000, shokapu zote za mbele ni mpya, na mwaka jana alibadilisha rejeta kabla haijavuja, ingawa fundi alimwambia ingevumilia. Mkopo unaisha Desemba. Siku hizi wadhamini wake wawili, ambao nao wako zamu za usiku, hupanda naye kutoka Kimara.