Kabla ya Kufomati

Kompyuta ya marehemu baba, nyumbani kwetu Buyenzi, ilikuwa nzito kuwaka hata chai ikachemka tukiingoja. Ilitumia Windows XP ya mwaka 2001, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Fundi alisema ifomatiwe tu. Lakini barua za baba je?

Akanieleza kwamba kufomati kwa haraka hakufuti maandishi yenyewe. Hufuta orodha inayoonyesha yalipo, kama maktaba iliyochomewa katalogi. Kinachoyaangamiza ni programu mpya zinazoandikwa juu yake. Basi tulinakili kwanza barua zote kwenye flashi.

Nilifungua moja, ya 2004. Programu ilikuwa ya Kifaransa, na karibu kila neno la Kiswahili lilipigiwa mstari mwekundu, kana kwamba baba hakujua kuandika. Mwaka huohuo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya Kiswahili. Kwetu haikufika.

Tuliweka Linux nyepesi na LibreOffice yenye kamusi ya Kiswahili. Sasa mistari myekundu imebaki kwenye majina ya watu tu.