Sufu ya Sydney Kabla ya Sindano

Kondoo walioshuka Sydney mwaka 1788 na meli za kwanza za Waingereza walinunuliwa Cape Town, na mfugaji wa Afrika Mashariki angewatambua mara moja: mkia mnene wenye mafuta, na nywele mahali pa sufu. Walifaa mchuzi, si sweta. Mwaka 1797 manahodha Henry Waterhouse na William Kent walileta merino wachache, nao pia kutoka Rasi ya Tumaini Jema. John Macarthur alinunua baadhi yao, akasifiwa kwa karne mbili. Lakini kati ya 1809 na 1817, alipokuwa Uingereza asiweze kurudi, aliyesimamia kundi ni mkewe Elizabeth, na sifa hiyo ingegawanywa kwa haki zaidi.

Sufu ya merino ilipozoeleka katika viwanda vya Bradford, Uingereza, sufu laini ikaitwa Botany, jina la ghuba iliyo kusini mwa Sydney. Jina tu halikumtosha mnunuzi. Mwili wa kondoo mmoja una sufu za namna nyingi: ya mabegani ni nyembamba na ya urefu sawa, ya mapajani ni nzito, ya tumboni ni fupi na imejaa takataka. Zikichanganywa robotani, kiwanda hakina njia rahisi ya kuzitenganisha tena.

Ndiyo maana kazi ilianzia kwenye banda la kukatia manyoya. Sufu nzima ya kondoo mmoja ilitandazwa juu ya meza ya fito, kingo chafu zikang'olewa, kisha mpangaji madaraja akachomoa kishungi, akatazama mawimbi yake, akakivuta karibu na sikio. Kikikatika, sufu ilikuwa na udhaifu, pengine kondoo alipitia ukame au ugonjwa. Sufu hiyo hukatika tena kwenye mashine ya kuchana, na vipande vifupi ndivyo baadaye hujitokeza na kujiviringisha vipira kwenye viwiko vya sweta.

Thomas Sutcliffe Mort alianza minada ya sufu Sydney mwaka 1843. Baadaye maghala makubwa ya matofali yalijaa Pyrmont na Ultimo, na ghorofa ya juu ilipewa paa la meno ya msumeno ili mwanga wa kusini, usiobadilika sana, uangukie sufu iliyoanikwa kwa wanunuzi. Walitoka Ulaya, na tangu 1890 kampuni ya Kanematsu ya Japani ilikuwa na ofisi mjini humo. Walihesabu kwa kipimo cha Bradford: daraja la 64 lilimaanisha kwamba ratili moja ya sufu iliyochanwa ingeweza kusokotwa mikungu 64, kila mmoja yadi 560. Hesabu hiyo ilikadiriwa kwa macho na vidole!

Mfumaji huliona daraja zaidi kuliko mshonaji wa suti. Uzi wa kufumia husokotwa kwa ulegevu, kwa hiyo kila unyoya una nafasi ya kuchomoza. Mwembamba hupinda ukigusa shingo. Uliozidi unene wa maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hausalimu amri, huchoma. Inatosha nyuzi nene hizo zifike kama asilimia 5 na watu wengi wataanza kujikuna. Tena, katika uzi wa unene uleule, unyoya mwembamba huingia mwingi zaidi, na uzi hutoka sawasawa bila mafundo.

Hata hivyo, wembamba haufai kila kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafumaji wa Australia walipeleka askari wao zaidi ya jozi milioni 1.3 za soksi. Kisigino cha soksi ya kuandamia kinahitaji sufu inayostahimili msuguano, na merino laini kabisa huisha haraka. Ninavyoona mimi, ubora wa upangaji ulikuwa katika kuweka pamoja sufu zinazofanana, nene kwa nene na nyembamba kwa nyembamba.

Mwaka 1957 Australia ilianzisha mamlaka ya kupima sufu, na kufikia miaka ya 1970 sampuli zilizotobolewa kutoka robotani zilikuwa zikipimwa kwa hewa: jinsi inavyopita kwa shida ndivyo sufu ilivyo nyembamba. Biashara ikahamia Yennora, magharibi ya jiji. Maikroni sasa huandikwa kwenye orodha ya mnada, ila mara nyingi hazimfikii mfumaji. Kibonge cha uzi dukani husema "merino" tu, na merino yaweza kuwa maikroni 17 au 24.