Kasiki za Uani: Tarikhi ya Mchuzi wa Soya wa Korea

Atakaye kuujua mchuzi ambao watu wa Korea huuita doenjang jjigae, na ambao aghalabu ya majumba ya nchi ile huuandaa pamoja na wali bila ya kuuhesabu kuwa ni chakula cha fahari, hana budi kwanza auache jikoni aende uani, zilikopangwa kasiki za udongo zikiota jua; kwani kazi ya jikoni ni ya nusu saa tu, na kazi ya uani ni ya miezi, pengine ya miaka.

Kazi hiyo huanza maharage ya soya yakishavunwa na baridi ikiwa imekaribia. Huchemshwa hata yakalainika, yakapondwa, yakafinyangwa mafungu ya ukubwa wa tofali, kisha yakafungwa kwa mabua ya mpunga na kutundikwa. Na katika mabua yale, na katika hewa ya nyumba, hutoka vijidudu na kuvu viyaingiavyo maharage na kuyabadili tabia. Baridi ikielekea kwisha mafungu hayo, yaitwayo meju, hutoswa katika kasiki yenye maji ya chumvi, pamoja na makaa, pilipili kavu na kunazi. Baada ya siku arobaini hivi, au sitini, maji hutengwa yakawa mchuzi mweusi wa kukolezea vyakula, na masalio hupondwa yakarudishwa kasikini, yakakaa mpaka yakawa rojo zito la rangi ya udongo: ndilo doenjang. Akina mama wa zamani wakizungushia kasiki kamba ya mabua, na wakibandika juu yake soksi ya karatasi iliyopinduliwa, ili kufukuza shari. Nami siwacheki, kwa kuwa kasiki ikiharibika nyumba nzima ilikosa kiungo cha mwaka.

Ukale wa jambo hili umethibiti katika maandiko. Kitabu cha Samguk Sagi, alichokitunga Kim Busik na kukitimiza mwaka 1145, chaeleza kuwa mwaka 683 Mfalme Sinmun wa Silla, dola ya kale ya Korea, alipooa, miongoni mwa zawadi zilizopelekwa nyumbani kwa bibi arusi, pamoja na mchele, pombe, mafuta na asali, zilikuwamo soya zilizochachushwa. Na katika tarikhi ya Goryeo, dola iliyofuata, imeandikwa kwamba mwaka 1052, njaa ilipoushika mji mkuu, Mfalme Munjong aliamuru watu zaidi ya 30,000 wagawiwe mchele, mtama na soya hizo hizo. Kitu kinachofaa kwa mahari ya malkia na kwa sadaka ya mwenye njaa si anasa. Ni chumvi na nguvu, navyo havichagui daraja ya mtu.

Lakini tukikitazama chungu chenyewe tutaona ajabu, ya kwamba vilivyomo humo, ukiliondoa rojo, vingi ni wageni. Tofu ni mwenyeji wa siku nyingi, na Yi Saek, mshairi wa karne ya 14, aliisifu katika tungo zake. Lakini pilipili ilikuja baadaye sana: mwanachuoni Yi Su-gwang aliitaja mwaka 1614, akisema kuwa imetoka Japani. Mbatata ziliingia kutoka kaskazini katika miaka ya 1820. Zote mbili, na boga changa pia, asili yake ni bara la Amerika. Basi asemaye kwamba mchuzi huu ni wa jadi, na awe na hadhari kidogo.

Mapishi yake hayana siri. Maji ya kuoshea mchele mara ya pili huhifadhiwa yakawa supu. Ndani yake huchemshwa dagaa wakavu waliotolewa vichwa na matumbo, wasije wakatia uchungu, na kipande cha mwani. Vikishatolewa, rojo huyeyushwa, mbatata zikatangulia, kisha boga, kitunguu na uyoga, na mwisho tofu, pilipili mbichi na vitunguu majani. Wajapani husema kuwa miso, rojo lao la soya, ikichemka hupoteza harufu, kwa hiyo huitia mwisho. Rojo la Korea haliogopi moto. Harufu yake ni kali, kama ng'onda jikoni kwetu, na mgeni huikimbia siku ya kwanza.

Wajapani walipoitawala nchi, 1910 hata 1945, walileta viwanda vya mchuzi mweusi wa soya. Kisha, tangu miaka ya 1970, watu wa Seoul wakahamia magorofani kusiko na ua wala pa kuweka kasiki. Rojo la kiwandani, walilolinunua badala yake, aghalabu hutiwa ngano, huiva upesi, na utamu wake ni mwepesi. Mwezi Desemba 2024, UNESCO, katika mkutano wake wa Asunción, iliuorodhesha ujuzi wa kasiki kuwa urithi wa wanadamu. Heshima hiyo ni kubwa, ila haimpi mtu wa gorofani ua. Wapishi wengi wa mjini wameshapatanisha mambo haya bila ya kumngoja mtu: kijiko cha rojo la kasiki lililotumwa na mama kutoka shamba, na kijiko cha lile la dukani, ili kupunguza chumvi.