Askari Polisi Walivyolipiwa Karo Marekani

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyetaka kuwa polisi katika miji mingi ya Marekani hakuulizwa cheti. Kazi ilipatikana kwa kujuana na wanasiasa wa mtaa, na iliweza kupotea vivyo hivyo chama kingine kiliposhinda uchaguzi. Mshahara ulikuwa mdogo na mafunzo yalikuwa haba. Askari mpya alipewa beji na rungu, akaingizwa barabarani, akajifunza kwa kuwatazama waliomtangulia. Mwanasiasa aliyemwajiri alihitaji utii wake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumsomesha.

Mtu wa kwanza kuitikisa desturi hiyo kwa nguvu alikuwa August Vollmer, mpeleka barua aliyechaguliwa mwaka 1905 kuongoza polisi wa Berkeley, California. Yeye mwenyewe hakupitia chuo kikuu, lakini mji wake ulikuwa na chuo kikuu, na bahati hiyo aliitumia vizuri. Mwaka 1908 alifungua shule ya askari wake na kuwaalika maprofesa kufundisha. Mwaka 1916 masomo ya upolisi yakaingia katika muhula wa kiangazi wa Chuo Kikuu cha California. Baadaye alianza kuwaajiri wanafunzi wa chuo kama askari. Wapo waliowacheka polisi hao wasomi, lakini mmoja wao, John Larson, mwenye shahada ya uzamivu ya fiziolojia, ndiye aliyeunda mwaka 1921 mashine ya kupima uongo iliyopata sifa nyingi, pengine kupita ilivyostahili.

Hata hivyo mfano wa Berkeley ulienea polepole. Maelezo ya kawaida ni kwamba askari wa zamani waliwadharau wasomi, na maelezo hayo yana ukweli. Lakini dharau peke yake haitoshi. Askari wa mji usio na chuo angesomea wapi? Na yule aliyekuwa na chuo karibu, zamu yake ikiwa usiku wiki hii na mchana wiki ijayo, angehudhuria darasa gani, na kwa fedha ya nani?

Jibu kuhusu fedha lilitoka upande ambao haukuhusu polisi hata kidogo. Mwaka 1944, vita vikielekea mwisho, serikali kuu ilipitisha sheria ya kuwalipia karo wanajeshi waliorudi nyumbani. Tangu hapo Wamarekani wakazoea wazo kwamba mtu mzima, mwenye familia, anaweza kukaa darasani kwa gharama ya umma. Jibu kuhusu zamu lilitoka New York, ambako mafunzo ya polisi yalianza kuunganishwa na chuo cha mji katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1964 kikaidhinishwa chuo maalumu cha sayansi ya polisi, na mwaka 1966 kikapewa jina la John Jay. Somo moja lilifundishwa mchana na kurudiwa jioni, ili askari aliyebadilishiwa zamu asipitwe. Nadhani ratiba hiyo iliwasaidia askari kuliko hotuba zote za kusifu elimu.

Kilichoigeuza jitihada ya miji michache kuwa mpango wa taifa zima kilikuwa moto. Kuanzia mwaka 1964 ghasia zilizuka mji baada ya mji, na mara nyingi cheche ilikuwa mkwaruzano kati ya polisi na wakazi weusi. Mwaka 1967 tume ya Rais Lyndon Johnson ilipendekeza kwamba hatimaye kila askari mwenye mamlaka kamili ya upolisi awe na shahada ya kwanza. Sheria ya uhalifu ya Juni 1968 ikafungua mfuko. Askari aliye kazini aliweza kulipiwa karo hadi dola 300 kwa muhula, kwa ahadi ya kubaki kazini miaka miwili baada ya masomo. Mwanafunzi wa kutwa alikopeshwa hadi dola 1,800 kwa mwaka, na kila mwaka aliotumikia baadaye ulifuta robo ya deni. Wafanyakazi wa magereza na mahakama nao waliingizwa.

Mfuko ulianza na dola milioni 6.5 mwaka 1969. Kufikia mwaka 1975 ulikuwa milioni 40. Kwa nini ulikua hivyo? Wengine hutaja hofu ya ghasia, wengine hamu ya polisi kutambuliwa kama wanataaluma. Mimi naongeza sababu ya tatu, isiyopendeza sana: vyuo viliona karo ya uhakika. Kozi za upolisi zikachipuka hata mahali pasipokuwa na wahadhiri wa kuzifundisha, na polisi wastaafu wakaajiriwa kusimulia waliyoyaona kazini.

Mwaka 1978 ripoti iliyoandikwa na Lawrence Sherman ililisema jambo hilo waziwazi. Masomo mengi, ilidai, yalikuwa mafunzo ya kazi yaliyovikwa joho la chuo, na askari walisoma wao kwa wao bila kukutana na mawazo mengine. Ripoti ikapendekeza waajiriwe watu waliokwisha soma, badala ya kuwasomesha walioajiriwa. Pendekezo hilo lina mantiki, ingawa lilimwacha pembeni askari wa miaka kumi kazini ambaye mlango wa chuo ulikuwa ndiyo kwanza umemfungukia.

Mjadala haukumalizwa kwa hoja. Ulimalizwa na bajeti: idara iliyobeba mpango huo ilifungwa mwaka 1982, na mzigo ukarudi kwa majimbo na miji. Dallas ilikuwa imechagua kudai elimu mlangoni, na mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakubali sharti lake la krediti 45 za masomo ya chuo kwa anayeomba kazi. Massachusetts ilishika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1970 ilimwongezea mshahara askari aliyepata shahada, jimbo na mji wakigawana gharama nusu kwa nusu. Uchumi ulipoanguka, jimbo likapunguza mno mchango wake, na askari wa Boston wakaenda mahakamani kudai nyongeza kamili. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba mkataba uliouruhusu mji kutoziba pengo la jimbo ni halali.